Unga wa Banda la Mwezi

Mtaani walimwita Robotatu, kwa sababu alisoma chuo cha mifugo miaka mitatu kati ya minne halafu akarudi nyumbani na begi lile lile alilokwenda nalo. Jina alibandikwa na mafundi vitanda wa upande wa pili wa barabara. Yeye hakukasirika. Alichukua brashi akaliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa chumba chake: ROBOTATU, MCHORA MABANGO. Kama watu wanakucheka, alisema, bora wajue na pa kuleta kazi.

Asubuhi hiyo ile robo iliyobaki ilikuwa imerudi kumgongea. Aliingia uani kwa shangazi yake mbio, karatasi mkononi, anaipunga kama refa mwenye kadi.

"Shangazi, amekubali."

"Nani kakubali nini? Toa mguu, umekanyaga mpira wa maji."

Shangazi alikuwa amepiga magoti ndani ya banda la kuzalia, kitambaa kichwani, mikono ya gauni imekunjwa hadi kwenye kiwiko, anawahesabu watoto wa nguruwe waliolala wamepandiana kama viatu mlangoni mwa msikiti. Kumi na wanne. Wiki nne kasoro siku moja. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kuwatenga na mama yao.

"Mama Hadubini kakubali," Robotatu alisema. "Nikifanya jaribio moja, moja tu, nikalifanya safi, analipeleka jalada langu kwenye kikao. Narudi mwaka wa nne."

Shangazi akanyanyua kichwa. Mama Hadubini alimjua kwa sifa. Ndiye mhadhiri aliyemfukuzisha kijana wake.

Na hakumfukuzisha kwa chuki. Asubuhi ya mtihani wa vitendo, Robotatu aliingia maabara kabla ya wenzake akahamisha lebo za chupa zote za viungo. Utumbo mwembamba ukawa mnene, bandama likawa figo, na ile chupa kubwa kuliko zote, ya tumbo la ng'ombe, akaiandikia "Mkuu wa Chuo". Watu walicheka kwa dakika moja. Halafu mtihani wa wanafunzi arobaini ukafutwa, na yeye akapewa adhabu ya mwaka mmoja nje. Mwaka uliisha. Aibu haikuisha, akabaki na brashi zake.

"Jaribio gani?" Shangazi aliuliza, lakini kwa sauti ya mtu ambaye tayari anaona litafanyikia wapi.

"La hawa." Robotatu akaruka ukuta mdogo wa banda, akachuchumaa karibu yake. "Wiki ya ufagio."

Shangazi akaguna. Wiki ya ufagio ni jina lao wawili tu. Ni ile wiki ya kwanza baada ya kuwaachisha ziwa, watoto wanapoharisha mchana kutwa na yeye anashinda na ufagio na ndoo. Wanakonda, wanasimama wamejikunja migongo, na kila uzao anapoteza watatu, wanne, mara moja saba.

"Sikiliza. Utumbo wao ndani una vijidole. Vidogo, huvioni kwa macho. Mimi nimeviona kwa hadubini, Shangazi, kwa jicho hili. Vimesimama maelfu kwa maelfu kama zulia jipya, na ndivyo vinavyopokea chakula. Sasa unamtoa kwa mama yake. Maziwa yamekatika, kakutana na pumba, kagombana na wenzake, hali vizuri siku mbili. Vile vijidole vinafupika. Siku nne tu, zulia limekuwa mkeka uliochakaa. Chakula kinapita kama mgeni ambaye hakukaribishwa kiti."

"Ndiyo huko kuharisha."

"Ndiyo huko kuharisha. Sasa kuna kitu kinaitwa glutamini. Ni asidi amino."

"Asidi. Ile ya betri."

"Siyo ya betri. Ukichukua nyama, maziwa, maharage, ukavibomoa vipande vipande, unakuta matofali. Hayo matofali ndiyo asidi amino. Ziko aina nyingi, na hili moja ndilo ukuta wa utumbo unalipenda kuliko yote. Linaliwa pale pale mlangoni. Nataka tuwape kwenye chakula, gramu kumi kwa kila kilo, wiki mbili, tuone kama vijidole vitasimama."

Shangazi alimchukua mtoto mmoja wa nguruwe kwa mguu wa nyuma, akamweka mapajani. "Na linauzwa wapi hilo tofali?"

"Kwa wanyanyua vyuma."

Shangazi akamtazama yule mtoto, kifua chake chembamba, miguu kama vijiti vya mishikaki. "Huyu?"

Wakacheka mpaka mama nguruwe akageuka kuwaangalia.

Unga wenyewe alikuwa nao tayari. Mwenye ukumbi wa mazoezi, jamaa mmoja anayeitwa Kifua, alitaka ukuta wake uchorwe mkono uliokunja msuli. Robotatu alimchorea mkono mkubwa kuliko mlango, wenye mishipa kama mizizi, na Kifua kwa furaha akampa kopo zima, robo kilo, unga mweupe laini. Hilo lilikuwa jambo jepesi. Jambo gumu lilikuwa barua.

Barua ya Mama Hadubini ilikuwa na masharti matatu, na kila sharti lilikuwa limepigiwa mstari. La kwanza: watoto kumi na wawili wa mama mmoja, makundi mawili yenye uzito sawa, kundi moja lipewe glutamini na jingine lisipewe. La pili: anayelisha asijue lipi ni lipi, maana mkono wa mlishaji una upendeleo hata kama mwenyewe hautaki. La tatu: namba ziandikwe kwa kalamu ya wino, zisifutwe. Chini kabisa aliongeza kwa mkono wake: *Nikinusa mchezo hata mmoja, jalada nalifunga kwa gundi.*

Sharti la pili ndilo lililomfurahisha mno. Anayelisha ni Shangazi, kwa sababu mchana Robotatu yuko juu ya ngazi anachora mabango. Kwa hiyo ilibidi Shangazi adanganywe. Kwa mara ya kwanza maishani, Robotatu alikuwa ameagizwa kwa barua rasmi amchezee mtu shere.

Akajifungia chumbani na makopo mawili yanayofanana. Moja akaliacha na glutamini, akachora nyota. La pili akalijaza unga wa ngano, akaupepeta mara mbili uwe laini kama mwenzake, akachora mwezi. Akayasimamisha pamoja kwenye kidirisha, akarudi nyuma hatua tatu. Pacha. Hata yeye mwenyewe, bila michoro, asingejua. Siri ya kopo lipi ni lipi akaiandika kwenye kikaratasi, akaifunga ndani ya bahasha kwa ajili ya mwalimu.

"Makopo yote mawili ni dawa," alimwambia Shangazi, uso mkavu kama wa askari wa geti. "Hii ya nyota kwa banda la nyota, hii ya mwezi kwa banda la mwezi. Kijiko kimoja cha kujaa kwa kila kilo ya chakula. Usichanganye."

"Nimekusikia, baba. Kazi ya kulisha unanifundisha mimi?"

Na kweli, hakuna aliyeweza kumfundisha Shangazi kulisha. Miaka yote hiyo alikuwa na desturi moja ambayo majirani walimcheka kwayo: kitu hakiingii kwenye hori la nguruwe wake kabla hakijapita ulimini mwake. Pumba anachota kidole, analamba. Mashudu analamba. Maji mapya anakunywa funda moja. Akikunja uso, gunia linarudi dukani siku hiyo hiyo, na mwenye duka habishi. "Mnyama hawezi kusema hiki kimeoza," alizoea kusema. "Basi lazima mmoja wetu aonje."

Robotatu aliijua desturi hiyo tangu akiwa na meno ya maziwa. Siku ile, kwa msisimko, hakuikumbuka.

*

Kesho yake waliwapima wote kumi na wanne. Shangazi anamtia mtoto ndani ya foronya, pua tu inabaki nje, Robotatu anaitundika foronya kwenye mizani ya ndoano na kusoma huku mtoto anapiga kelele kama anachinjwa. Kila namba ikaingia kwenye daftari kwa wino.

Wawili walizidi, na hao alikuwa ameahidiwa jirani, fundi cherehani, ambaye ukuta wake na wa Shangazi ni mmoja. Fundi alikuja na tepu yake shingoni. Akawatazama watoto wote kwa jicho la mtu anayechagua kitambaa, akawapima viuno, kweli, akawapima viuno kwa tepu, kisha akaondoka na wawili wakubwa kuliko wote. Mmoja kilo saba na nusu, mwingine saba na gramu mia tatu. Waliobaki, wa kugawanywa kwa uzito sawa, sita nyota na sita mwezi, wastani wao ulikuwa kilo sita.

"Jirani," alisema akiwa mlangoni, mmoja kila kwapa, "nyie lisheni kwa vijiko. Mimi nitalisha kwa mkono, tuone."

"Chakula utakuja kuchukua kwenye gunia letu kama siku zote," Shangazi alimjibu. "Maneno utakula ya kwako."

Jioni hiyo hiyo Fundi akapitisha kichwa juu ya ukuta. "Wangu wameshaizoea nyumba. Mkubwa nimempa jina, Kanali."

Siku ya pili ikapita. Siku ya tatu Robotatu alishuka kwenye ngazi saa nne, rangi ya bluu bado kwenye nyusi, akakimbia nyumbani kuangalia sakafu. Siku ya tatu ndiyo balaa huanza. Akaingia banda la nyota akachunguza kila kona. Kavu. Vimavi vigumu vya heshima, vimelala kama karanga. Akapiga ngumi hewani, akamkumbatia nguruwe mmoja, nguruwe akamkojolea.

"Shangazi, inafanya kazi. Inafanya kazi, mama yangu."

"Naona," Shangazi alisema akiwa na ufagio ambao haukuwa na la kufanya. "Na wa huku pia, njoo uone."

Robotatu akaenda banda la mwezi, na huku anatembea moyo ukaanza kushuka ngazi. Banda la mwezi lilikuwa kavu. Watoto sita wamejipanga kwenye hori, mikia imejikunja, wanakula kama wana treni ya kuwahi. Masikio yanang'aa. Mmoja alimjia akamtafuna kamba ya kiatu.

"Wazuri, eh?" Shangazi aliuliza, anatabasamu isivyo kawaida.

"Wazuri sana," Robotatu alisema. Huenda akawa mtu wa kwanza duniani kusikitika kwa kuwa nguruwe hawaharishi.

Siku ya saba wakapima tena. Banda la nyota, kila mmoja ameongeza kilo moja na kidogo. Banda la mwezi, kilo moja na kidogo. Alipima mara mbili. Akabadilisha foronya. Akajipima hata yeye mwenyewe kwa kuning'inia, mizani ikagoma. Kwenye daftari, chini ya namba, akaandika kwa wino: *Sawasawa. Sielewi.*

Akavaa kandambili, akaenda moja kwa moja hadi ukumbi wa mazoezi.

"Unga wako ni wa kweli?" alimuuliza Kifua.

Kifua akaweka chini chuma cha uzito wa mtu mzima, taratibu. Akakunja mkono pale pale chini ya ule uliochorwa ukutani. "Huu unauona ni wa uongo?"

"Hapana, kaka."

"Basi nenda nyumbani."

Akaenda nyumbani. Njiani akafikiri hivi: ama glutamini haifanyi kitu, na uzao huu umebahatika tu kuwa na matumbo ya chuma, ama kuna kitu asichokijua. Vyovyote vile, Mama Hadubini atafungua bahasha, ataona waliokula unga wa ngano wamenenepa sawa na waliokula dawa, na atakumbuka chupa ya Mkuu wa Chuo.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika mtaani, na Robotatu kwa mawazo yake hakukijali. Fundi aliacha kupitisha kichwa ukutani. Siku ya tano alitundika shuka juu ya ukuta, siku ya sita akaongeza pazia. "Nimefua," alisema alipoulizwa. Siku ya kumi vitambaa vilikuwa vinne na havikuwa vimelowa hata kimoja.

*

Siku ya kumi na nne walipima alfajiri kabla mgeni hajafika. Nyota, wastani wa ongezeko kilo tatu na robo. Mwezi, kilo tatu na gramu mia mbili. Robotatu akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kalamu mkononi. Ingekuwa rahisi kuwapunguzia wa mwezi. Mbili badala ya tatu. Moja na nusu badala ya mbili na nusu. Mtu anayechora herufi za mita moja ukutani hashindwi na namba ndogo kwenye daftari. Aliiwaza ile hesabu mpya, akaiona ilivyo nzuri. Halafu kutoka banda la mwezi yule mtafuna kamba akatoa pua kati ya mbao, mnene, mashavu kama ya tarishi anayekula kila nyumba. Huyu utamwandika amekonda kwa wino gani?

Akaandika ilivyo.

Mama Hadubini alifika saa tatu na viatu vya mpira, begi la ngozi na mizani yake mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani.

"Habari za siku nyingi," alimwambia Robotatu.

"Nzuri, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Sogea, nione sakafu."

Akazunguka kila banda bila kusema. Akachuchumaa, akachokonoa kwa kijiti, akanusa. Akapima watoto wanne yeye mwenyewe, akaangalia daftari, namba zikalingana. Robotatu akamkabidhi bahasha. Mwalimu akaichana, akasoma kile kikaratasi, akavua miwani ya machoni akavaa ya kichwani, akakisoma tena.

"Banda la mwezi ni unga wa ngano."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wiki mbili wamekula unga wa ngano. Hawakuharisha. Na wameongezeka sawa na wenzao, tofauti gramu hamsini."

"Ndiyo, Mwalimu. Mimi mwenyewe sielewi."

"Mimi naelewa." Akafunga daftari, wala si kwa hasira, na hiyo ndiyo iliyouma. "Ulihamisha lebo za chupa, sasa umehamisha za makopo. Au umewapa wote, ili shangazi yako asipoteze hata mmoja. Ningekuelewa. Lakini jaribio siyo, na kikao siwezi kukipelekea hili." Akaanza kuivua mizani yake kwenye ndoano.

Robotatu akamfuata hadi kwenye ndoano.

"Samahani, Mwalimu." Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Alilitua juu ya ukuta, polepole. "Unga gani wa ngano?"

Wote wawili wakageuka.

"Kopo la mwezi, Shangazi," Robotatu alisema. "Lilikuwa unga tu. Ndilo sharti, nisikwambie. Nisamehe."

Shangazi akashika kichwa. Halafu akakaa juu ya gunia la pumba, akafunika mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yakaanza kutikisika, na ilichukua muda wajue kwamba anacheka.

"Baba wee. Siku ya kwanza niliyaonja makopo yote. La nyota likayeyuka ulimini. La mwezi likang'ang'ania kaakaani. Nikasema, huu si unga wa ngano? Nikajua yule Kifua kamuibia mwanangu, kampa kopo moja la kweli na moja la uongo, na mtoto kafurahi hivi hata hajatambua. Nikikwambia utaona haya. Na hawa sita wakose kwa sababu gani, wamemkosea nani?"

"Ukafanya nini, Shangazi?"

"Nikayamimina yote mawili kwenye sinia. Hili hapa. Nikachanganya vizuri, nikarudisha kwenye makopo, nusu kwa nusu. Nikanyamaza."

Robotatu akalitazama lile sinia, akahesabu kwa vidole.

"Nusu dozi," Robotatu alisema taratibu. Kisha akasimama juu ya ile ndoo iliyopinduliwa, ikaanguka. "Nusu dozi, wote kumi na wawili. Gramu tano kwa kilo. Mwalimu, ndiyo maana wako sawa. Na hakuna hata mmoja aliyeharisha. Hakuna hata mmoja, kwa mara ya kwanza tangu banda hili lijengwe."

"Mkuki kwa nguruwe," Shangazi alisema akifuta machozi. "Umezoea kuwachezea watu, mwanangu. Leo umechezewa na ulimi wa shangazi yako."

Mama Hadubini hakucheka, ila alikuwa ameacha kuvua mizani. Alifungua tena daftari, akafunua kurasa mpaka siku ya saba. *Sawasawa. Sielewi.* Akaisoma ile mistari kwa kidole.

"Kama ungekuwa unadanganya," alisema, "ungedanganya vizuri kuliko hivi. Ninakujua." Akafunua ukurasa wa mwisho. "Lakini bado huna cha kulinganisha. Wote wamekula. Nitajuaje kuwa bila huo unga wangeharisha? Huenda mwaka huu wamebahatika. Yupo hata mmoja wa mama huyu ambaye hajaugusa?"

Robotatu na Shangazi wakatazamana. Kisha wote wawili, kama walioitwa, wakageuza macho kwenye ukuta wenye shuka, pazia na vitambaa vikavu.

"Fundi," Shangazi aliita. "Jirani yangu."

Ng'ambo ya ukuta cherehani ilikuwa inakwenda. Ikasimama.

"Sipo," ilijibu sauti ya Fundi.

"Tunakuja kuwaona watoto."

"Wamelala."

Robotatu alisharuka. Alivuta shuka la kwanza likamwangukia kichwani, akapita nalo ng'ambo kama mzimu, Mama Hadubini akapitia getini na mizani begani, nyuma yake Shangazi na sinia lake. Fundi alisimama mbele ya kibanda chake amekunja mikono, tepu shingoni, uso wa mtu aliyeshona suruali ya bwana harusi ikawa fupi.

"Nilikuwa nawapa mkono wa kheri," alisema chini chini. "Chakula kile kile cha gunia lenu. Sijui nimewakosea nini."

Kanali alikuwa amejikunja kwenye kona, manyoya yamesimama, mgongo kama upinde. Mwenzake alisimama na mkia umelowa. Sakafu ilikuwa ya wiki ya ufagio halisi.

"Ungesema, jirani," Shangazi alimwambia.

"Niseme nini, na mdomo wote ule nilioutoa?"

Foronya ikaletwa. Kanali, aliyeondoka na kilo saba na nusu, sasa alikuwa na saba na gramu mia tisa. Mwenzake, wa saba na gramu mia tatu, alikuwa amerudi hadi saba na mia moja. Robotatu alizitamka zile namba kwa sauti ya mtu anayetangaza mpira, akaziandika kwa wino. Hawa ndio waliokuwa wakubwa. Wale wadogo waliobaki nyuma ya ukuta, wa kilo sita, leo wana tisa na zaidi.

"Mwalimu, umeona. Umeona."

"Nimeona nguruwe wawili wagonjwa," Mama Hadubini alisema. "Banda jingine, mkono mwingine, maji mengine, na wawili tu. Hilo siyo jibu, usije ukaliandika kama jibu." Lakini alikuwa amepiga magoti sakafuni kwa Fundi bila kujali sketi, amemshika Kanali tumbo kwa vidole viwili, na miwani zote mbili zilikuwa machoni. "Ila ni swali zuri. Na nusu dozi ni swali zuri zaidi, mimi mwenyewe sikuwahi kufikiria kuanza na nusu." Akageuka kwa Fundi. "Hawa wape maji safi yenye chumvi na sukari kidogo, wapate joto, chakula kidogo kidogo mara nyingi. Hawajafa. Vile vijidole huota tena."

"Vidole gani?" Fundi aliuliza akitazama vyake.

Shangazi alikuwa ameshatoa kopo la mwezi mfukoni mwa gauni. Akachota kijiko, akaonja kwa ncha ya ulimi kwa mazoea, akampa Fundi. "Kimoja kwa kilo. Na utoe hayo mashuka, yananizibia upepo."

Walinywa chai pale pale kwenye meza ya cherehani, kati ya vipande vya vitambaa. Mama Hadubini akatoa jalada kwenye begi la ngozi. Lilikuwa la kijani, na kwenye ukurasa wa kwanza kulikuwa na mwandiko wake wa miaka ile: *Mwanafunzi huyu ana akili, lakini hajui kukaa na kitu asichokielewa. Hukigeuza mzaha.* Robotatu aliusoma juu chini akiwa upande wa pili wa meza, na masikio yakamwaka.

Mwalimu akafungua kalamu. Akaandika chini yake, pole pole, kwa wino: *Sasa anajua. Arudi.* Akapiga sahihi.

Robotatu alisimama, akatoka nje, wakamsikia anakimbia kutoka ukuta hadi ukuta, kisha kishindo, kisha nguruwe wote kumi na wawili wakipiga kelele pamoja naye.

"Muhula ukianza mtarudia," Mama Hadubini alimwambia Shangazi. "Makundi matatu. Dozi nzima, nusu, na hakuna. Uzao mwingine wa mama huyu huyu, na safari hii nitakuja na hadubini. Lakini lile kundi la hakuna, unga wao lazima ufanane na glutamini kabisa. Sura na ladha."

"Ataufananishaje yule? Hata chumvi hawezi kupima."

"Yeye atatengeneza. Wewe utaonja." Mwalimu alipuliza chai yake. "Siku utakayoshindwa kutofautisha, ndiyo siku tutakayoanza."

Shangazi akajinyoosha kwenye kiti, akarekebisha kitambaa kichwani kama mtu aliyeitwa mbele ya watu.

"Basi, Mwalimu," alisema, "mwambie ajiandae. Tutakaa sana."